Kaye ya Majina Tuliyopanda Nayo Luhwindja

Mumeniuliza mumoja mumoja: mulangoni pa kanisa, kwenye bomba la maji, hata kwenye kilio cha watu, mahali ambapo mutu anapaswa kulia na si kuulizia safari za wenzake. Nimechoka kueleza. Kila nikieleza ninaongeza kitu kidogo, na nikiendelea hivyo nitajikuta nimepigana na simba. Basi nimeandika mara moja. Musome, mupitishiane, na mukimaliza muniache nipike.

Habari za vibali na barua zenye mihuri naziruka, hazina utamu. Ilikuwa katika vita ile ya pili, wakati muji wetu wa Bukavu ulishikwa na hawa na milima ikashikwa na wale, na kila kundi lilikuwa na bariere yake ya kuzuia barabara. Maman Georgette, mukubwa wa idara ya watoto kanisani kwetu, akaona huo ndio wakati mzuri wa kupelekea watoto wa Luhwindja habari za Daudi na Goliati. Luhwindja ni kule juu, upande wa Mwenga, kwenye dhahabu. Ecodim yetu, ndiyo shule ya Jumapili, ina tawi huko, na hakuna mwalimu wa muji aliyefika kwa miaka miwili. Misioni ya ng'ambo inayotusaidia ilikuwa imetuma neno: tawi lisiloleta majina ya watoto litafungwa. Kila mutoto aandikwe jina, miaka, jina la baba, na kijiji. Kwa hiyo mutu wa maana katika safari yetu hakuwa mimi wala Daudi, ilikuwa kaye, ndiyo daftari, moja nene ya jalada jeusi, ambayo Maman Georgette aliifunga tumboni kwa kitambaa, chini ya kikwembe.

Mimi ninafundisha darasa la tatu. Shule zilikuwa zimefungwa, na nyumbani mama mukwe alikuwa amekuja kututembelea bila kusema siku ya kurudi kwake. Maman Georgette aliponiita, niliitika haraka kuliko Abrahamu.

Jambo moja zaidi. Mimi ninajitahidi kuandika Kiswahili cha kanisa, lakini watu nimewaacha waseme vile walivyosema.

Nyawera: kamiyo ya saa moja

Kamiyo, ndiyo lori, ilipaswa kuondoka Nyawera, pale mujini, saa moja asubuhi. Tulifika saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu Maman Georgette anaamini kwamba kuchelewa ni dhambi. Dereva hakuwa na imani hiyo. Alikuja saa nne, mutu munene aliyeitwa Tonton Prospère, akazunguka kamiyo mara mbili, akapiga gurudumu teke, akaenda kunywa chai.

Wakapakia chumvi, sabuni, mapipa ya mafuta, magodoro saba ya wafanyabiashara wa dhahabu, halafu mbuzi. Watu wote wakacheka, maana mbuzi hutoka kijijini kuja muji kuliwa, hakuna aliyewahi kuona mbuzi akirudi. Mwenyewe akajieleza: "Muji ilimushinda. Anakula tu makaratasi." Wakamupandisha na heshima zake, akapewa godoro.

Kumupandisha Maman Georgette kulikuwa na kazi zaidi. Wabebaji wawili wa Nyawera walisimama nyuma yake wakishauriana, maana ni mama mwenye mwili, na ni mama wa kanisa, na mukono huwezi kuuweka popote.

"Maman, shika chuma, sisi tutasukuma," mumoja akasema.

"Mutasukuma wapi?"

Kijana akafikiri. "Penye Mungu atatuonyesha."

Mungu aliwaonyesha. Maman Georgette akaruka juu, akaketi karibu na mbuzi, akatengeneza kitambaa chake, na hakusema neno mupaka tulipotoka muji, saa nane mchana.

Mugogo: Goliati anakamatwa

Kwenye bariere ya Mugogo walituteremusha wote. Askari mumoja, mukubwa wa pale, akafungua sanduku letu la picha. Munazijua: zile za kukata, za kubandika juu ya flaneli mbele ya watoto, Daudi, kondoo, Nuhu na wengine. Akazipanga chini moja moja. Akafika kwa Goliati, ambaye tulimukata vizuri, na kofia yake ya shaba, na mukuki, na ngao.

"Huyu ni nani?"

"Goliati," nikasema.

"Iko wa kundi gani?"

"Wafilisti."

Akamugeukia mwenzake. "Bafilisti banakaa upande gani siku hizi?"

"Hapana ku upande yetu," mwenzake akasema.

Basi Goliati akashikwa, kwa sababu alikuwa na silaha na hakuwa na karatasi. Daudi walimuangalia sana, wakamuacha apite kama raia. Maman Georgette alitaka kueleza kwamba Daudi ndiye hatari katika hadithi, nikamukanyaga muguu. Walichukua pia katoni mbili za biskwi tulizobebea watoto, kati ya nne, kwa ajili ya kumulisha mufungwa, walisema.

Burhale: mvua na rozari

Kabla ya Burhale mvua ilikata barabara. Tonton Prospère akazima mashine, akashuka, akatazama shimo, akasema, "Safari imeisha," kwa sauti ya mutu aliyefurahi. Tukapata nyumba ya bibi kizee mumoja, mujane, Mukatoliki wa kweli, ambaye kila mutu alimuita Koko. Alitukaribisha bila kutuuliza dini. Jambo hilo lilimusumbua Maman Georgette, maana alikuwa ametayarisha jibu.

Koko alitupikia bugali na sombe, majani ya muhogo, yenye sambaza, vile visamaki vya ziwa, na sombe ile hata leo nikiikumbuka ninakasirikia yangu. Baadaye akaleta mutobe, yale maji matamu ya ndizi. Tukanywa. Kibuyu cha kwanza kikaisha, akaleta cha pili. Mimi nilionja nikaweka chini, maana hicho cha pili kilikuwa kasiksi, pombe, nayo ilikuwa imekomaa. Maman Georgette, ambaye hajawahi kuonja pombe maisha yake yote na kwa hiyo hawezi kuijua, alikunywa vikombe vitatu.

"Hii jus ya Burhale iko na nguvu," akaniambia.

"Ni udongo ya huku," nikamuambia, Mungu anisamehe.

Ilipofika saa ya kusali, Koko alipiga magoti upande wake na rozari, na Maman Georgette akasimama upande wake mikono juu. Nyumba ilikuwa chumba kimoja. Kwa kawaida Maman Georgette anashinda mashindano hayo, kwa sababu rozari ina mwisho na maombi yake hayana. Lakini kila Koko alipofika mwisho, alivuta pumzi akaanza upya. Walikwenda hivyo muda murefu, kila mumoja akipandisha sauti kidogo. Ni kasiksi iliyoamua. Maman Georgette akalegea, akaanza kuwaombea maaskofu wote, na mapadri, na mwisho Papa wa Roma mwenyewe na afya yake. Koko akaitikia amina kwa sauti kubwa. Kanisani kwetu jambo hilo lingemuondolea cheo, na ninyi munaosoma hamukulisikia kwangu.

Luhwindja, siku ya kwanza

Kutoka pale tulikwenda kwa miguu, mwendo wa saa tano na zaidi, kupanda na kushuka, matope hadi magotini. Shemasi wetu wa Luhwindja, Papa Déo, mutu mwembamba asiyesema mengi, alitupokea kama malaika wamefika, akatupa maharage. Asubuhi yake alipiga ile rimu ya gari iliyo kengele ya kanisa, na watoto wakashuka kutoka kila mulima.

Sasa munajua desturi yetu. Kwetu Ecodim mutoto asiyeandikwa hafundishwi. Maman Georgette akatoa filimbi yake. Wavulana mustari huu, wasichana mustari ule, wafupi mbele, warefu nyuma. Na kwa sababu misioni ilikuwa imezungumza habari ya mashati, tukawapima pia urefu, kwa fimbo tuliyoitia alama kwa wembe. Mimi nikashika kaye na biki ya kuandikia. Jina? Miaka? Baba? Kijiji? Niliandika mupaka vidole vikakauka, watoto mia moja na kumi na saba. Mumoja alisema anaitwa Prezida. Nikaandika Prezida. Kasichana kamoja, Nabintu, kalijiandikisha, halafu kakaniomba niandike na kaka yake, Ashuza, miaka kumi na tatu, ambaye hakuja kwa sababu alikuwa na homa. Nilijua ni ujanja wa biskwi ya pili. Nikaandika, nikampa mbili.

Mama zao walisimama chini ya ukingo wa paa, mikono wameikunja, kimya. Mimi nilidhani wanafurahia utaratibu wetu.

Somo lilikwenda vizuri kadiri ilivyowezekana bila Goliati. Nilitafuta katika sanduku mutu mwingine murefu, nikampata Nuhu. Daudi akampiga Nuhu jiwe la kichwa, Nuhu akaanguka, watoto wakashangilia sana. Maman Georgette alifumba macho. Nilimuambia tutamufufua kesho, kwenye safina.

Siku ya pili

Siku ya pili Papa Déo alipiga rimu, na hakuna aliyekuja.

Akapiga tena. Maman Georgette akapuliza filimbi. Mbuzi wawili wakaja, wakatuangalia, wakaenda zao. Nyumba zilikuwa wazi, moto unawaka, na ndani hakukuwa na mutoto hata mumoja, hata wa kunyonya. Nikadhani ni sikukuu ya Wakatoliki. Maman Georgette akadhani ni padri amewakataza, akaanza kutayarisha maneno makali kwa ajili ya padri ambaye hakuwa anamujua.

Papa Déo akaondoka. Akarudi katikati ya muchana na mama mumoja tu, mwenye kitambaa cha bluu kichwani. "Huyu ni Mama Ashuza," akasema. "Atawaambia yeye. Mimi haya inanishika."

Mama Ashuza hakuketi. Alizungumza akitazama kaye iliyokuwa mezani.

"Mwaka yenye ilipita balikuja batu batatu," akasema. "Balivaa muzuri, banasema Kiswahili ya muji sawa nyinyi. Balikuwa na kaye na biki. Balisema ni ya kugawa mablanketi. Tukaleta batoto bote. Bakabapanga ku mustari, bafupi mbele, barefu nyuma. Bakabapima na fimbo. Bakaandika jina, miaka, baba, kijiji. Nyuma ya wiki mbili bengine bakakuja na bunduki, na ile kaye. Bakasoma majina. Bale barefu, bakaenda nabo."

Niliona ile fimbo yetu imeegemea ukuta, na alama zake za wembe, nikatamani ardhi inimeze. Sijawahi kuona aibu namna hiyo, na ninyi munanijua, mimi haya si kitu kinachonisumbua sana.

"Maman, sisi ni watu wa Mungu," Maman Georgette akasema. "Tunaomba, tunafundisha."

"Nabo balituombea kwanza."

"Batoto ba jana bako wapi sasa?" Maman Georgette akauliza.

"Mu pori. Balilala kule. Mvua ilibanyeshea." Kisha akasema kile alichokuja kusema. "Tunaomba ile kaye."

Maman Georgette aliweka mukono juu ya jalada. Ninamujua, si mutu mubaya. Lakini amezeeka katika idara ya watoto, na alikuwa amebeba kaye ile tumboni kutoka Bukavu. "Maman, nikirudi bila majina, misioni itafunga tawi yenu. Hakuna mwalimu atakuja tena, hakuna Biblia, hakuna kitu."

"Bafunge," Mama Ashuza akasema.

Basi ilikuwa hivyo, wazi kabisa: kaye ikitoka pale na majina yale, ikakutana na bariere moja ya watu wanaojua kusoma, watoto wote wa mulima ule wameshapangwa kwa urefu, kazi imekwisha kufanywa. Na tulioifanya ni sisi, kwa biskwi. Nikamugeukia Maman Georgette nimuambie hivyo, na nilikuwa nimechagua maneno ambayo si ya kumuambia mutu mukubwa, lakini alikuwa amesimama na kutoka nje. Alikaa nyuma ya kanisa muda. Nilidhani anaomba. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na mukononi alishika ule wembe wa kutilia alama.

"Papa Déo," akasema, "uniitie bamama."

Siku ya tatu: kurudisha majina

Mimi nilidhani tutachoma kaye na kumaliza. Mama wale walikataa. Wengi hawajui kusoma, na mumoja wa wale watatu wa mwaka jana, mama walipoanza kuogopa, aliwaonyesha anachoma majina, kumbe alichoma makaratasi mengine. Walitaka kila mumoja aone jina la mutoto wake likitoka na alishike mwenyewe mukononi.

Tukaketi mbele ya kanisa, tangu asubuhi. Maman Georgette akasoma jina, mama akaja, mimi nikakata kipande kile kwa wembe, nikampa. Papa Déo alisimama pembeni ili mama akitaka asomewe tena na mutu wao. Walitaka wote. Mumoja alisomewa mara tatu, akakiweka kinywani, akatafuna, akameza, akaomba maji. Mwingine alikitia motoni na kukaa karibu akiangalia. Mwingine alikifunga kwenye kona ya kikwembe pale wanapofunga pesa. Tulipofika kwa Prezida, hakuna mama aliyeinuka. Maman Georgette akasoma jina la baba, bibi mumoja akainuka nyuma akisonya, akaja akachukua kipande, akauliza huyo mujukuu wake mujinga amelala wapi.

Kaye ilianza kubaki na madirisha. Ukifungua, unaona mulima upande wa pili. Nilianza kucheka, Maman Georgette naye akacheka, na mama mumoja akatuletea viazi vya kuchoma. Ilikuwa kazi nzuri kuliko kuandika.

Karibu na mwisho Mama Ashuza akaja kuchukua cha Nabintu. Nikakata, nikampa. Maman Georgette akaendelea na mustari wa chini: "Ashuza. Miaka kumi na tatu."

Mama Ashuza alikuwa amekwisha kugeuka. Akasimama.

"Nani aliandikisha huyo?"

Nikasema ni dada yake, kwamba kaka ana homa. Nabintu alikuwa amefika wakati huo, amejificha nyuma ya kikwembe cha mama. Mama yake akamuuliza kwa Mashi, lugha yao, naye akajibu kwa sauti ndogo sana. Papa Déo akatugeuzia kwa Kiswahili: "Anasema biskwi yake amemuwekea."

Ashuza hakuwa na homa. Ashuza ndiye alikuwa murefu mwaka jana.

Wembe ulikuwa mukononi mwangu, sikujua nikate au nifanye nini. Nililia, sitawaficha, kwa sauti mubaya kama ninavyolia mimi. Mama Ashuza hakulia. Alikuja karibu akaweka kidole juu ya mustari ule, juu kidogo, maana hakujua jina linaanzia wapi.

"Huyu musimutoe," akasema. "Huyu balishamubeba, jina yake haina hatari tena. Muende naye Bukavu. Mwenye atasoma, labda atasema alimuona."

Tukamaliza waliobaki. Muchana watoto wakashuka kutoka porini, na majani kwenye nywele, wengine wakikohoa. Hatukuwapanga. Walikaa ovyo, wakubwa kwa wadogo, na mama zao katikati. Nilifundisha safina, na Nuhu akapata heshima yake. Walikuwa wengi kuliko siku ya kwanza, sikuhesabu wangapi.

Kurudi: bariere ya vijana

Tulirudi kwa miguu. Mbele ya Burhale tulikuta bariere ambayo haikuwepo tulipopanda: mianzi miwili juu ya mawe, na vijana watano. Komanda wao alikuwa ndani ya nyumba akila, tulisikia sahani. Aliyekuja kwetu alikuwa na bunduki, na mabuti ya mpira makubwa sana kwake. Alikuwa anayaburuza, kila hatua yanapiga kelele.

"Munabeba nini?"

Maman Georgette akafungua kitambaa mwenyewe, akamupa kaye. Kijana akaifungua. Akageuza kurasa, akaweka jicho kwenye dirisha moja, akatuangalia kupitia pale.

"Nani alikata hii?"

"Mimi," nikasema. "Bamama balitaka batoto yao."

Akageuza mupaka akafika kwenye mustari mumoja uliobaki. Akasoma polepole akitumia midomo. Huyo alikuwa amesoma, mimi ni mwalimu, ninajua. Nikajikaza nikasema, "Ashuza, wa Luhwindja. Mama yake anamutafuta. Unamujua?"

Akaita wenzake, wakaja wakazunguka kaye, akawasomea. Wakatikisa vichwa. Mumoja akasema kulikuwa na Ashuza mumoja, lakini wa Kaziba. Kijana akafunga kaye, akamurudishia Maman Georgette, lakini hakuinua mwanzi.

"Maman, uko na biki?"

Nikajua ndiyo hiyo, bariere zote zinataka biki. Maman Georgette akaitoa akamunyooshea. Hakuipokea.

"Andika," akasema. "Murhula."

Maman Georgette akabaki na biki hewani. Kisha akaketi juu ya jiwe, kando ya bariere, akafungua kaye juu ya magoti.

"Baba?"

"Bisimwa. Fundi ya vitanda. Bukavu, ku Cimpunda, nyuma ya bomba."

"Miaka?"

"Andika yenye unaona."

Akamuangalia kutoka chini mupaka juu, akaandika kumi na tatu. Nadhani alimuongezea. Halafu wa pili akaja, wa tatu, wa nne. Hawakusukumana. Wa tano alikuwa mudogo kabisa, hakujua jina la baba yake, alijua tu la ng'ombe wao na la kilima. Maman Georgette akaandika yote mawili. Sahani ndani ya nyumba zikanyamaza, mulango ukalia, na Murhula akainua mwanzi haraka.

"Mupite," akasema kwa sauti ya ukali, ile ya komanda asikie. "Mupite, munachelewesha kazi."

Tukapita. Nyuma yetu nilisikia mabuti yale yakiburuzwa kurudi mahali pake.

Cimpunda

Bukavu ofisini, mutu wa misioni alifungua kaye, akaiinua kwenye mwanga, akauliza kama tumepanda mulima wote ule kwa watoto sita. Maman Georgette akasema ndiyo, sita. Tawi lilifungwa siku hiyo, kwenye karatasi. Huko juu hakuna aliyewaambia, wanaendelea kila Jumapili.

Hatukwenda nyumbani kuoga. Tulipanda Cimpunda na matope yetu, tukaulizia fundi wa vitanda nyuma ya bomba. Tulimukuta anapiga randa ubao. Mama alikuwa anachambua maharage mulangoni. Maman Georgette alisoma kutoka kwenye kaye, jina la mutoto na la baba, kama anavyosoma mahudhurio, maana nadhani hakuwa na namna nyingine ya kulisema.

Walikuwa wamekwisha kufanya kilio. Mutoto alitoka asubuhi kwenda shule, mwaka na nusu uliopita, na baada ya muda watu wakawaambia walie, wamalize. Picha yake ilikuwa ukutani. Ndani ya ile picha alikuwa mufupi zaidi.

Baba akauliza ni bariere gani, na iko upande gani wa Burhale. Maman Georgette akamuchorea njia kwa kidole juu ya ubao, kwenye vumbi la mbao. Akauliza komanda ni mutu wa namna gani. Nikasema hatukumuona, tulisikia anakula.

Mama alikuwa bado anashika maharage. "Anakula?" akaniuliza. "Yeye, mutoto."

"Anakula," nikasema.

"Iko na koti? Kule kuna baridi."

"Iko nayo." Sikumbuki kama alikuwa nayo.

"Na miguuni anavaa nini?"

"Mabuti."

Akatikisa kichwa polepole, akatazama maharage, akaniangalia tena. "Yanamutosha?"

Sikuweza. Ninyi munajua nimedanganya safari nzima, nimemuficha askari habari ya Daudi, nimemudanganya Maman Georgette mwenyewe kuhusu udongo wa Burhale, lakini hapo mudomo ulikataa. Ni Maman Georgette aliyejibu, yeye ambaye katika miaka yote ninayomujua sijawahi kumusikia akisema uongo hata wa adabu.

"Yanamutosha, maman," akasema. "Yanamutosha kabisa."